Dira isiyojua kaskazini

Swali: Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari karibu na Nanyuki. Kila mwaka kuanzia Septemba mbayuwayu kutoka Ulaya hujaa kwenye nyaya za umeme nje ya darasa. Niliwaambia wanafunzi kwamba ndege hawa wana sumaku kichwani inayowaonyesha njia ya kusini. Mmoja akanyosha mkono: "Sasa wakifika hapa kwenye ikweta, sumaku yao haigeuki?" Nilibaki nimeshika chaki. Mwingine akasema minara ya simu ndiyo inayowapoteza. Naomba msaada.

Jibu:

Mwalimu, nisalimie huyo wa kwanza. Swali lake liliwachukua wataalamu wa ndege miaka mingi kulifikia, kwa sababu wengi wao walifanya kazi Ulaya, ambako ikweta ni mstari wa kwenye ramani tu. Anayepita kibao cha ikweta kila siku akienda shule ana haki ya kuuliza mapema.

Nina majibu mawili kwake, na yote mawili ni ya kweli. La kwanza: hapana, hakuna kinachogeuka. Chukua dira ya kawaida, panda nayo matatu kutoka Isiolo hadi Nyeri, na sindano itaendelea kuonyesha kaskazini njia nzima kana kwamba ikweta haipo. La pili: ndiyo, kwa ndege mambo hugeuka, ila hayageukii Nanyuki. Hugeukia Ethiopia, kilomita elfu moja hivi kaskazini mwenu, na ndege anapotua kwenye waya wa shule yako amekwisha kumaliza shughuli hiyo siku kadhaa nyuma.

Ili majibu haya yasigombane, inabidi kwanza tuiondoe ile "sumaku kichwani". Usijilaumu, hata mimi nilifundishwa hivyo.

Habari yenyewe inaanzia Frankfurt, Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Friedrich Merkel na mwanafunzi wake Wolfgang Wiltschko walikuwa wakifuga robini wa Ulaya, kindege cha kutoshea kiganjani chenye kifua cha rangi ya chungwa. Robini hafiki kwetu. Safari zake huishia Ulaya ya kusini na Afrika ya kaskazini. Lakini ni mvumilivu kizimbani, na msimu wa kuhama ukifika hawezi kutulia. Usiku kucha hurukaruka akielekea upande ule ule ambao angeruka kama angekuwa huru. Walichogundua Frankfurt ni kwamba hata akifungiwa ndani ya chumba asichoona jua, nyota wala mti, bado anaegemea upande sahihi. Walipomtia kwenye chumba cha chuma kilichodhoofisha uga sumaku wa dunia, yaani nguvu ya sumaku inayoizunguka dunia, akapotea. Baadaye Wiltschko akazungushia kizimba koili kubwa za waya wa umeme zilizoweza kuhamisha kaskazini ya sumaku. Kaskazini ilipohamishwa, ndege naye akahama nayo.

Mpaka hapo hoja yako ya sumaku kichwani ingesimama vizuri. Iliangushwa mwaka 1972, pale Wolfgang na mkewe Roswitha Wiltschko walipochapisha jaribio moja ambalo mimi huliona zuri kuliko yote katika fani hii. Waliugeuza uga sumaku kichwa chini miguu juu, ncha ya kaskazini ikawa ya kusini, huku mwinamo wake, yaani pembe ambayo mistari ya uga hufanya na ardhi, ukibaki kama ulivyokuwa. Dira yoyote ya dukani ingegeuka nyuma. Robini hawakutikisika; waliendelea kule kule. Kisha wakaacha kaskazini mahali pake, wakabadilisha mwinamo peke yake, yaani mistari ya uga iliyokuwa ikishuka sasa ikawa inapanda. Dira ya dukani isingeona tofauti. Robini wote wakageuka nyuma.

Kwa hiyo ndege huyu hajui kaskazini ni ipi. Anachosoma ni mteremko.

Hapa ndipo somo lako la fizikia linapoingia, na Nanyuki ni mahali pazuri pa kulifundishia. Mistari ya uga sumaku haitambai juu ya ardhi. Hutoka kwenye dunia upande wa kusini, hupinda juu kama upinde, halafu huzama tena upande wa kaskazini. Penye kilele cha upinde huwa imelala sawasawa na ardhi. Karibu na ncha husimama wima. Wape wanafunzi sindano ndefu ya kushonea. Waifunge uzi mwembamba katikati na kusogeza fundo taratibu mpaka sindano ikae mlalo kabisa hewani. Halafu waisugue kwa sumaku, upande mmoja tu, mara thelathini hivi, na kuining'iniza tena mbali na madawati ya chuma. Sindano itajipanga kaskazini na kusini kama mnavyotarajia, lakini sasa haitakaa mlalo. Ncha yake ya kusini itazama. Kwenu mwinamo ni digrii 20 na kitu. Mtapata kiasi gani itategemea ustadi wa fundo. Kule Frankfurt ncha ya kaskazini ndiyo inayozama, na huzama kwa digrii 66 hivi, karibu isimame. (Ndiyo maana dira iliyosawazishwa kwa ajili ya Ulaya, ukiitumia huku, sindano yake hulala upande na kukwaruza kioo. Watengenezaji wa dira nzuri huuza za kanda mbalimbali.)

Sasa fikiria ule waya wa kushikilia nguzo ya umeme, unaotoka juu ya nguzo na kushuka kwa mshazari hadi ardhini. Ukiutazama unajua mara moja unateremkia upande gani. Hujui fundi alianza kuufunga juu au chini, wala huna haja ya kujua. Robini anausoma uga sumaku hivyo hivyo. Anaona unateremkia wapi na unapandia wapi. Mshale wa kaskazini na kusini hauoni. Na kwa bahati nzuri ya maumbile, upande unaoteremka siku zote ni upande wa ncha ya dunia iliyo karibu nawe, iwe ya kaskazini au ya kusini, na upande unaopanda siku zote ni upande wa ikweta. Dira yake haina K wala Ks. Ina "nchani" na "ikwetani".

Ukikumbuka kwamba uga sumaku wa dunia hubadilisha ncha zake mara kwa mara katika historia ndefu ya sayari, na mara ya mwisho ilikuwa kama miaka 780,000 iliyopita, utaona kwamba dira ya namna hii ina busara yake. Kaskazini na kusini zikibadilishana, mteremko unabaki ule ule.

Turudi kwa mwanafunzi. Ndege anayeondoka Ulaya mwezi Septemba akitumia dira hii anafuata kanuni moja: nenda upande unaopanda. Kanuni hiyo inamshusha kusini vizuri, nchi baada ya nchi, na kila siku mteremko unapungua. Anapofika kwenye ikweta ya sumaku, mistari imelala. Na ikweta ya sumaku si ile ya kibao chenu, ambapo watalii huonyeshwa maji yakizunguka kwenye karai (mchezo ule, Mwalimu, unajua mwenyewe ni kiini macho). Katika Afrika Mashariki ikweta ya sumaku imepanda kaskazini hadi Ethiopia. Hupita karibu na Addis Ababa. Akiivuka hiyo, upande unaopanda unakuwa ule aliotoka. Akishikilia kanuni yake ya zamani atarudi kaskazini, avuke tena, ageuke tena, abaki anazunguka Ethiopia kama matatu inayosaka abiria stendi.

Ni wazi hafanyi hivyo, maana hapo nje kwenye waya wamekaa. Mwaka 1992 hao hao Wiltschko walijaribu kuonyesha kwa nini. Walichukua shore wa bustani, ndege mdogo wa rangi ya vumbi anayehama kutoka Ulaya hadi kusini mwa Afrika, na katika msimu wa kuhama wakawaweka baadhi kwa muda ndani ya uga uliolazwa mlalo, kama wa ikweta ya sumaku. Kisha wakawarudisha kwenye uga wa kawaida wa Frankfurt na kuwapima. Wale ambao hawakuonjeshwa ikweta waliendelea kuelekea kusini. Walioonjeshwa walielekea kaskazini. Usidhani walipotea. Kwa hesabu yao walikuwa wamevuka, na sasa kanuni ilikuwa "nenda upande unaoteremka", yaani nchani. Marekani, Robert Beason alipata jambo hilo hilo kwa bobolinki, ndege anayehama kutoka Amerika ya Kaskazini hadi mbuga za Argentina.

Kwa hiyo mwambie mwanafunzi hivi: dira haigeuki, sumaku haigeuki, kinachogeuka ni maana anayoipa ndege. Na kinachomwambia ageuze ni kule kulala kwa mistari kwenyewe.

Atauliza, na asipouliza muulize wewe: pale penye mlalo kamili, ambapo hakuna kupanda wala kuteremka, ndege anashika nini? Anashika anga. Kuanzia mwaka 1967 Stephen Emlen alionyesha, akitumia sayari-nyumba, yaani ukumbi wenye dari la nyota za bandia, kwamba ndege wa Amerika aitwaye bantingi wa nili hutazama sehemu ya anga ambayo nyota huizunguka, na kuifanya kaskazini yake. Kabla yake, Gustav Kramer alikuwa ameonyesha kwamba kwezi wa Ulaya wanasoma jua, tena wakirekebisha kwa saa, maana jua la asubuhi na la alasiri haliko mahali pamoja. Mbayuwayu wako huhama mchana, kwa hiyo jua analo. Hapo mimi huwa nasita kidogo. Karibu yote niliyokueleza juu ya mteremko yamepimwa kwa robini, shore na wenzao wanaohama usiku. Si haki kumbebesha mbayuwayu mzigo wote wa robini kwa sababu wote wana mabawa.

Tena vyombo hivi havifanyi kazi kila kimoja kivyake. Mwaka 2004 ilichapishwa kazi moja ya Illinois, Marekani, ambayo huwa nasimulia kila nikipata wasikilizaji. Bill Cochran, Henrik Mouritsen na Martin Wikelski waliwafunga ndege wa porini waitwao mikesha vitransmita vidogo vya redio, wakawaweka jioni, jua likizama, ndani ya koili zilizogeuza kaskazini ya sumaku ikawa mashariki. Kisha wakawaachilia na kuwafuata usiku kucha kwa gari lenye antena juu ya paa. Mikesha waliotakiwa kwenda kaskazini walikwenda magharibi. Waliruka hivyo usiku mzima, nyota zote ziko juu yao na uga wa kweli wa dunia umewazunguka, bila kushtuka. Siku iliyofuata wakaona machweo mengine, na usiku wa pili wakaelekea kaskazini. Inaonekana kila jioni ndege hulisawazisha kosa la dira yake kwa mwanga wa machweo, kama nahodha anayerekebisha saa yake bandarini, halafu huiamini mpaka kesho yake.

Sasa, kama hana sumaku kichwani, mteremko anausoma kwa kitu gani? Jibu linaloongoza kwa sasa ni jicho.

Dalili ya kwanza ilikuwa ya ajabu. Mwaka 1993 kundi la Frankfurt liliripoti kwamba ndege wao walielekea sawasawa chini ya mwanga wa bluu na wa kijani, lakini chini ya mwanga mwekundu walipotea. Sumaku haijali rangi ya taa. Kitu kinachojali rangi ni kemia inayoamshwa na mwanga, na kemia hiyo ilikuwa imekwisha kubuniwa mwaka 1978 na mwanafizikia Klaus Schulten na wenzake. Mwaka 2000 Schulten, Thorsten Ritz na Salih Adem waliitajia mahali: protini ziitwazo kriptokromu, ambazo hupatikana kwenye retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga.

Niifafanue, kwa sababu hapa ndipo wanafunzi wako wakubwa watakapofungua macho. Uga sumaku wa dunia ni dhaifu sana, kati ya mikrotesla 25 na 65 kutegemea mahali. Sumaku ya kubandika kwenye friji huushinda mara mia na zaidi. Hauna nguvu ya kuvunja wala kuunga kifungo chochote cha kemikali mwilini. Joto la mwili peke yake linaitikisa molekuli kwa nishati kubwa mno kuliko hiyo. Basi utawezaje kuacha alama?

Chukua kinu kimoja na watu wawili wanaotwanga kwa kupokezana. Mchi mmoja juu, mwingine chini. Mara kwa mara mwendo huyumba na michi yote miwili ikapanda pamoja, halafu wakarudi kwenye kupokezana. Mwanga wa bluu ukiipiga kriptokromu, elektroni moja huruka kutoka sehemu moja ya protini hadi nyingine, na hapo hubaki elektroni mbili zisizo na wenzi, kila moja na mzunguko wake. Hizo ndizo michi yetu. Kuna wakati zinakuwa kinyume, kuna wakati zinakuwa pamoja, na hubadilishana hivyo mamilioni ya mara kwa sekunde. Uga sumaku hauna uwezo wa kunyanyua mchi. Unachoweza ni kuuyumbisha mdundo, kidogo tu, kwa kiasi kinachotegemea protini imeelekea upande gani wa mistari ya uga. Na unga unaotoka kinuni wakati michi inapokezana si sawa na unaotoka inapokwenda pamoja. Jicho linapima unga.

Tazama sasa inavyofungana na jaribio la 1972. Kemia ya namna hii hutofautisha mshazari, lakini haiwezi kutofautisha mbele na nyuma ya mstari. Geuza ncha za sumaku, mdundo ni ule ule. Ndiyo dira isiyojua kaskazini, hasa.

Ushahidi umekuwa ukirundikana tangu hapo. Sehemu ya ubongo iitwayo Klasta N, inayopokea habari kutoka machoni usiku, iligunduliwa na kundi la Mouritsen mwaka 2005, na mwaka 2009 walionyesha kwamba robini akiharibiwa sehemu hiyo hupoteza dira ya sumaku ilhali ya jua na ya nyota hubaki nzima. Mwaka 2018 ilionekana kwamba kriptokromu ya aina ya nne, Cry4, huongezeka machoni mwa robini msimu wa kuhama, na kwa kuku haiongezeki. Mwaka 2021 watafiti wa Oldenburg, Ujerumani, na Oxford, Uingereza, akiwemo Peter Hore wa Oxford, walitengeneza Cry4 ya robini maabara wakakuta inaitikia sumaku kuliko ya njiwa na ya kuku. Hilo lilikuwa kwenye kichupa, si kwenye ndege hai, na sumaku waliyotumia ilikuwa kali kupita ya dunia. Kwa hiyo ukilisema darasani sema "inaelekea", usiseme "imethibitishwa".

Ndege anaona nini hasa? Pengine kama kivuli chepesi kilicholalia picha ya kawaida, chenye giza upande mmoja na weupe mwingine, kinachosogea anapogeuza kichwa. Hayo ni makisio ya mahesabu. Robini hajahojiwa.

Sasa minara. Mwanafunzi wako wa pili hakusema upuuzi, ila amemtuhumu asiyehusika. Kisa kilitokea Oldenburg. Kundi la Mouritsen lilipohamia chuoni pale, robini wao walikataa kabisa kuelekea upande wowote ndani ya vibanda vya mbao. Walibadilisha chakula, taa, umbo la vizimba. Hakuna kitu. Miaka ikapita. Ndipo mmoja wao akatoa wazo la kuvifunika vibanda kwa mabati ya alumini yaliyounganishwa na ardhi, ili kuzuia kelele za umeme. Mara ndege wakajua njia. Waya wa ardhi ukikatwa, wanapotea; ukirudishwa, wanajua. Walirudia hivyo kwa miaka kadhaa kabla ya kuchapisha mwaka 2014, wakijua watu hawataamini.

Kelele iliyowapoteza ilikuwa ya masafa kati ya kilohezi 50 na megahezi 5, ambamo ndimo zilimo redio za masafa ya kati na uchafu wa vifaa vya umeme vya mjini. Nje ya mji ndege wao walielekea vizuri bila alumini yoyote. Kazi za baadaye, mwaka 2022 na 2023, zilionyesha kwamba kelele ya megahezi 75 hadi 85 nayo inavuruga, lakini ya 140 kwenda juu haivurugi. Simu za mkononi huongea kwa mamia na maelfu ya megahezi. Kwa dira ya ndege, mnara wa simu hauna kosa. Na hilo nalo linaitetea nadharia ya kinu: mdundo wa michi unayumbishwa na midundo inayokaribiana nao, si na ile iliyo kasi kupita kiasi.

Kinachowapoteza hasa ni taa. Nimewahi kusimama Ngulia, Tsavo Magharibi, usiku wa Desemba usio na mwezi, ukungu umeshuka kilimani na taa za hoteli zinawaka. Ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia wanashuka kwenye mwanga ule kama kumbikumbi. Tangu 1969 wataalamu na wanaojitolea hukutana hapo kila mwaka, huwakamata kwa nyavu laini, huwavisha pete ya alumini mguuni na kuwaachia; pete za Ngulia zimeokotwa Mashariki ya Kati na Urusi. Ukimshika mkononi ndege wa gramu chini ya 15 aliyetoka huko, moyo wake unapiga kwenye vidole vyako kama simu iliyowekwa mtetemo, unasahau kila swali ulilokuja nalo.

Mmoja wa wanaojaa pale Ngulia ni naitingeli wa kaskazini, na yeye ananipeleka kwenye jambo la mwisho ambalo hukuuliza lakini mwanafunzi wako atalifikia. Dira ni kitu kimoja, ramani ni kingine. Kujua kusini ni wapi hakukuambii uko wapi. Mwaka 1958 Mholanzi Albert Perdeck alichapisha habari za maelfu ya kwezi waliokamatwa Uholanzi wakiwa safarini kuelekea Uingereza na kaskazini mwa Ufaransa, wakasafirishwa kwa eropleni hadi Uswisi na kuachiwa. Wazee waligeuza njia wakaelekea makwao ya kila mwaka. Vijana wa safari ya kwanza waliruka upande ule ule waliozaliwa nao, wakaishia kusini mwa Ufaransa na Hispania. Vijana walikuwa na dira peke yake. Wazee walikuwa na ramani.

Hata ramani, uga sumaku unachangia. Nguvu yake na mwinamo wake hubadilika kutoka mahali hadi mahali, hivyo ni kama anwani. Nchini Uswidi, kwenye jaribio lililochapishwa 2001, naitingeli wachanga walifungiwa ndani ya uga uliobadilishwa hatua kwa hatua mpaka ukafanana na wa kaskazini mwa Misri. Hawakuondoka Uswidi. Lakini walianza kula kwa pupa na kunenepa kuliko wenzao, kwa sababu baada ya Misri kuna Sahara, na mwili wao ulijua. Na kwa ndege wa matete wanaorudi Ulaya kutoka Afrika, uchambuzi wa pete za miaka mingi uliochapishwa 2022 unaonyesha kwamba mwinamo huwa kama kibao cha kusimama: wakifikia mwinamo wa nyumbani, wanatua.

Hapa ndipo ile sumaku ya kwako inapoweza kurudi kwa mlango wa nyuma. Kwa miaka kadhaa ilidhaniwa kwamba njiwa wana chembe za chuma mdomoni zinazopima nguvu ya uga. Mwaka 2012 David Keays na wenzake walizikagua, wakakuta chembe hizo zimo ndani ya seli za kinga za mwili, zile zinazosafisha chuma kilichochakaa. Hazikuwa neva. Hata hivyo mshipa wa fahamu unaotoka mdomoni ukikatwa, ndege wa matete waliohamishwa mbali hushindwa kurekebisha njia, ingawa dira yao ni nzima. Kuna kitu mle. Jina lake bado.

Kuhusu ile sindano: kama una mwanafunzi anayekwenda likizo Moyale na mwingine anayekwenda Mombasa, wape kila mmoja sindano yake, uzi, na kipima pembe cha darasani. Wa Moyale ataona inazama kidogo kuliko yenu, kwa kuwa amesogea kuelekea Ethiopia. Wa Mombasa ataona inazama zaidi. Wapime kabla ya kuondoka na wakirudi, kwa fundo lile lile. Ningependa kuona namba hizo. Zitume, na umwambie aliyeuliza swali ndiye aziandike.